Gripu Zenye Madoa ya Ndizi

Muleba, Jumamosi, mwezi wa Desemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka, na sasa jua limetoka huku bado inadondoka. Watoto wako barabarani wanakimbiza senene, wale panzi wa kuliwa, na chupa tupu za maji. Mimi nimeketi mbele ya kompyuta ya parokia, sketi imelowa hadi magotini, na nashindwa kuacha kutabasamu. Sista anayetunza chumba hiki ameniuliza kama nimeletewa posa. Nimetikisa kichwa, nikaendelea kuandika. Nimwambie kwamba nina furaha hii yote kwa sababu ya mipira miwili ya usukani wa baiskeli?

Lakini ndiyo sababu yenyewe.

Vidole vyangu vidogo viko hai. Nimeteremka mpaka ziwani na kupanda tena, na bado viko hai.

Ngoja nianze mwanzo. Wewe shajara unanijua, ila kama kuna mtu mwingine anayepita hapa mtandaoni, hanijui. Nilimaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Wenzangu wengi wamekwenda Mwanza na Dar kwa ndugu zao kusubiri matokeo. Mimi nimebaki na Mama kwenye kibanja chetu cha migomba, juu kidogo ya mji wa Muleba, na nimejiunga na kikundi cha kutembelea wagonjwa majumbani. Wagonjwa wa nini, hapa kwetu hakuna anayeuliza. Tata, yaani baba yangu, aliondoka na ugonjwa huo nikiwa darasa la tano. Karibu kila kibanja ninachokifahamu kina msalaba katikati ya migomba, na vingine vina misalaba mitatu au minne. Ila siku hizi dawa zimefika, na watu niliowaona wakibebwa kwenye machela nawaona wakipalilia kahawa. Ndiyo maana nilijiunga. Nilikuwa nimechoka kusikia habari za upande mmoja tu.

Kikundi kilinikabidhi baiskeli. Si baiskeli hizi nyeusi za kubebea mikungu ya ndizi, hapana. Ni baiskeli ya milima, ya bluu, tairi nene zenye meno, na gia nyingi kuliko ninazozielewa. Tata alipofariki, baiskeli yake nyeusi ilichukuliwa na Baba Mkubwa siku ya kuanua matanga, na hakuna aliyeona ajabu. Mtoto wa kike haachiwi baiskeli. Mimi mwenyewe sikuona ajabu wakati ule. Nilianza kuona ajabu siku nilipokabidhiwa hii ya bluu, nikajikuta nimeikumbatia shingo mbele ya watu kama ndama.

Hii si yangu. Ni ya kikundi. Lakini njia ni yangu, na njia yangu ndiyo ndefu kuliko zote. Inateremka kutoka huku juu hadi mwaloni, kule wavuvi na wachuuzi wa samaki wanakoishi kwenye vibanda vya mabati na matete. Watu wa mwaloni wametoka Ukerewe, Musoma, Kigoma, kote. Wahaya kule ni wachache. Nikipita vijana huita, "Nshomile huyo! Nshomile na gia zake!" Ndilo jina wanalotutania nalo Wahaya, kwamba tumesoma mpaka tumepitiliza. Mimi huinamisha kichwa na kukanyaga pedeli haraka.

Kule mwaloni yuko mtu mmoja ninayemtembelea. Jina lake silitaji, hapa nitamwita Dada wa Dagaa, kwa kuwa anaanika na kuuza dagaa. Ameanza dawa miezi michache iliyopita. Anazificha ndani ya debe, chini ya dagaa, na hakuna mtu mwaloni anayejua. Majirani wanafikiri mimi ni mteja wake. Kila nikienda lazima nirudi na kifurushi cha dagaa kwenye karia ili ionekane hivyo, na paka wote wa njiani wameshanifahamu.

Mwanzoni alikataa kabisa kutembelewa. Alikubali aliponiona nimekaa kibandani kwake nusu saa bila kusema neno. Mimi nilikuwa naona haya tu, sikujua pa kuanzia. Yeye akacheka, akasema, "Wewe ndiye. Wewe siyo redio."

Ni mara ya kwanza aibu yangu kumfaa mtu.

Sasa tatizo. Ile baiskeli ilikuja na gripu za plastiki ngumu, zenye mistari iliyochongoka kama meno ya msumeno. Gripu ndiyo jina la mafundi, yaani ile mipira inayovishwa kwenye ncha za usukani ili mtu ashike. Nikiwa tambarare sikuona shida. Shida ilianza kwenye mteremko. Ukiteremka, mwili wote unakwenda mbele na kukalia viganja. Barabara ya ziwani ina mawe na mikunjo kama bati, usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikifika nusu ya njia kidole kidogo cha kila mkono kilikuwa kinakufa. Halafu cha pili yake. Halafu kiganja chote kinakuwa kama cha mtu mwingine. Na breki za baiskeli hii ni ngumu, na mikono yangu midogo, kwa hiyo nahitaji vidole vyote vinne kuzibana. Vidole viwili vilivyolala havibani kitu.

Jumanne nilianguka. Ni pale kwenye kona yenye korongo, karibu na mti uliopigwa radi. Nilibana breki, au nilifikiri nimebana. Mkono haukuniambia kuwa haujabana. Nilijikuta ndani ya majani, baiskeli juu yangu, gurudumu bado linazunguka. Sikuumia sana, goti tu. Pakiti ya dawa ilikuwa salama kifuani, ndani ya blauzi. Nilikaa pale nikilia kidogo, kisha nikaendelea.

Sikusema kwa mtu. Lakini kiongozi wetu, Mama Veneranda, hafichwi kitu. Aliona nachechemea, akaona na matope mgongoni. Mama Veneranda ni mama mnene, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna anayeibishia. Akaniweka pembeni.

"Mwana wange, mimi siwezi kumzika mtoto wa mwenzangu kwa sababu ya baiskeli," akasema. "Jumamosi nitakufuata nyuma na pikipiki. Nikiona umeshindwa kushika breki, njia hiyo nitampa Deo, na wewe utakaa kituoni kupanga dawa. Usinune. Siyo adhabu."

Deo ni kijana mwenzetu kwenye kikundi. Ana roho nzuri na miguu yenye nguvu. Lakini Deo ni redio. Deo akila maharage asubuhi, mchana Muleba nzima inajua ni maharage ya nani. Nilijua Dada wa Dagaa akimwona Deo mlangoni, atafunga mlango, na debe lile litabaki na dagaa peke yake. Alishaniambia hivyo, tena bila kucheka: "Siku akija mwingine, mimi nimeacha."

Kwa hiyo nilikuwa na siku chache za kutafuta kitu cha kushika.

Hapa Muleba gripu zilizopo ni zile zile ngumu. Alhamisi nikapanda basi la Bukoba, na pesa yangu ya senene mfukoni. Niliwakamata mwenyewe kwenye taa za kituo cha mabasi nikawauza wamekaangwa, na nilikuwa nimeiweka pesa hiyo kwa ajili ya viatu. Basi lilikuwa linanuka kahawa mbichi na mimi nilikuwa na hofu na furaha mchanganyiko. Sijawahi kununua kifaa cha baiskeli. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema, "Naomba kuona gripu," bila sauti, hadi mama aliyekaa kando yangu akafikiri nasali rozari.

Bukoba nilifikia mtaa wa Bilele, kwa Shangazi, dada yake Tata. Na hapa ndipo nilipofanya kosa, ingawa wakati ule halikuonekana kama kosa. Binti wa Kihaya akifika kwa shangazi yake hapewi kiti, anapewa kisu. Niliingia, nikapiga magoti nikamwamkia, na kabla sijamaliza habari za Mama, beseni la ndizi lilikuwa mbele yangu. Nikamenya. Nilimenya haraka, kichwa kiko dukani tayari, na nikasahau kupaka mafuta mikononi kwanza. Kila mtu anajua unapaka mafuta kwanza. Utomvu wa ndizi ukikupata bila mafuta, unakunata, na kesho yake unakuwa mweusi, na hautoki kwa sabuni wala kwa machozi. Niliosha kwa maji tu, nikakimbia.

Duka nililoelekezwa liko karibu na soko. Vipuri vimening'inia hadi mlangoni: minyororo, pedeli, kengele, taa. Mwenye duka ni mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwenye benchi nje walikaa vijana wawili wenye baiskeli za mizigo, wasio na kazi saa ile isipokuwa kuangalia nani anaingia.

Nikasema, "Naomba kuona gripu." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Za baiskeli ya nani?" akauliza mzee.

"Yangu."

Wale vijana wakageuka. Mmoja akasema, "Yako ya aina gani, bojo? Ya kubebea ndizi?"

"Ya milima. Ya gia."

"Eee! Ya gia! Basi sisi tumeolewa!" Wakacheka wakapigana mabega. Masikio yangu yalikuwa ya moto kama yamewekwa kwenye makaa. Lakini sikutoka. Hilo naliandika hapa ili nisije nikalisahau: sikutoka.

Mzee akanipangia juu ya meza aina tatu. Za kwanza zilikuwa za kijani, laini na za kung'aa, nyembamba, nzuri mno. Za pili zilikuwa za sponji, nene kama mkate wa duara. Za tatu zilikuwa za mtumba, zimetolewa kwenye baiskeli fulani ya Ulaya, za rangi ya kijivu kilichopauka, na kila moja ilikuwa na kitu kama sikio pana kimejitokeza upande wa nje. Nilifikiri zimepinda kwa jua.

Nikazishika moja moja. Nikafumba na macho, kama ninavyofanya nikichagua parachichi sokoni. Za sponji zilijaza kiganja mpaka vidole havikufika upande wa pili, nikaziacha. Nilifikiri pia mvua zetu, sponji itakunywa maji kama ng'ombe. Hapo nilifikiri vizuri. Zile za kijivu nilizishika kwa nguvu, nikazizungusha, nikaziegemea juu ya meza kwa uzito wangu wote kama niko kwenye mteremko. Zilinishika vizuri. Halafu nikashika zile za kijani. Nazo zikanishika! Zilinata kwenye mkono kama zimenifahamu siku nyingi. Nikawaza, hizi ni laini, hizi ni nzuri, na hazitelezi hata kidogo. Nikazichagua.

"Unachagua gripu au unachagua mchumba?" mzee akauliza, maana nilikuwa nimekaa sana. Kisha akaziinua zile za kijivu, akazisogeza karibu na miwani. "Na hiki ni nini umeniwekea?"

Juu ya ule mpira wa kijivu kulikuwa na alama za mikono yangu, za kahawia, zinanata.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema ni ndizi. Nikasema samahani waitu, nimetoka kumenya ndizi kwa Shangazi. Wale vijana wa benchi waliingia ndani kabisa kuja kuona. Mmoja akasema, "Amepiga muhuri! Serikali imepita!" Hata mzee alicheka, mpaka akavua miwani kufuta macho. Akazichukua zile za kijivu akazifunga kwenye gazeti pamoja na za kijani.

"Chukua zote. Hizi zenye masikio zimekaa hapa mpaka zimekuwa ndugu zangu, hakuna anayezitaka. Sasa umezipaka na utomvu, nitamuuzia nani? Nenda nazo. Msalimie Shangazi, mwambie mafuta ni rahisi kuliko gripu."

Nilikwenda nazo huku nimeziona kama adhabu niliyobebeshwa.

Ijumaa nikarudi Muleba. Fundi wetu wa pale sokoni, Mzee Ruge, anayevaa koti lake la jeshi la tangu vita vya Amin hata jua likiwaka, alitoa gripu za zamani kwa kupitisha spoku na maji ya sabuni chini yake, akavisha zile za kijani. Zilipendeza sana juu ya bluu. Nikaondoka najiona bibi arusi.

Mikono yangu ilikuwa imeoshwa kwa majivu na limau nyumbani kwa Shangazi, safi, mikavu, madoa tu yamebaki. Na mvua ilikuwa imeanza.

Sikufika hata mteremko wa kwanza. Mikono iliteleza kama nimeshika kambare. Nilibana, ikateleza, nikabana zaidi, na kwa sababu ya kubana vile vidole vilikufa mapema kuliko hata siku zile za plastiki ya meno. Nikashuka. Nikaisukuma baiskeli hadi nyumbani kwenye mvua, nikimkwepa kila mtu, na niliogopa sana kukutana na Deo.

Mama alikuwa jikoni. Alisikiliza yote, Bilele, kisu, duka, benchi, muhuri. Kisha akaanza kucheka, akashika mwiko asije akauangusha.

"Ulimenya ndizi bila mafuta," akasema, "halafu ukaenda kuchagua kitu cha kushika? Mwanangu! Ni sawa na mtu aliyetafuna muwa kisha akaenda kuonja kama chai ina sukari."

Sasa naandika nikicheka, lakini jana sikucheka. Niliona kweli ghafla. Dukani hakuna gripu iliyonishika. Ulikuwa utomvu. Na ubao wa meza ningeushika ungeninata vile vile.

Nikaenda kujilaza kitandani. Nilikuwa nimeshakubali moyoni. Nilikuwa najipanga namna ya kumwambia Dada wa Dagaa kuhusu Deo, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa inaishia kwenye mlango unaofungwa. Kile kifurushi cha gazeti kilikuwa juu ya sanduku. Nikakifungua, nadhani nilitaka tu kitu cha kukichukia.

Zile alama za kahawia zilikuwa zimegeuka nyeusi. Ndivyo utomvu unavyofanya, leo unajificha na kesho unajitangaza. Nikazisogeza dirishani.

Nilikuwa nimetegemea kuona kiganja chote. Hakikuwepo. Katikati palikuwa safi, kijivu kitupu. Vidole vilikuwa vivuli vyepesi. Lakini kwenye ukingo wa nje, pale chini ya kidole kidogo, palikuwa na doa zito, jeusi tii, kwenye gripu zote mbili, mahali pale pale. Uzito wangu wote nilipoegemea ile meza ulikaa hapo. Pale padogo, ukubwa wa punje mbili tatu za maharage, ndipo panapobeba mwili mzima kwenye mteremko wote wa ziwani. Basi kidole kilicho juu yake kitaachaje kufa?

Na lile doa lilikuwa juu ya sikio.

Lile sikio pana nililodhani limepinda kwa jua, limewekwa pale ili ukingo wa kiganja upate pa kulala. Kuna mtu, sijui nani wala nchi gani, alikaa akaufikiria mkono unaokufa mahali pale pale pa mkono wangu. Nilizishika tena, safari hii kwa mikono mikavu, nikauegemea ubao wa kitanda. Uzito ulisambaa. Ilikuwa kama kutoka kukaa kwenye ncha ya jiwe ukaenda kukaa kwenye benchi.

Nikapiga kelele. Mama akaja mbio akidhani nyoka.

Leo asubuhi sikwenda kwa fundi. Nilizitoa za kijani mwenyewe, kwa spoku na maji ya sabuni, nikazivisha za kijivu. Mwanzoni nililiweka sikio juu mno, kifundo cha mkono kikapinda. Nikalizungusha chini, kidogo kidogo, nikikaa na kushuka, kukaa na kushuka, kuku wananiangalia, hadi mkono ukanyooka na vidole vikaifikia breki bila kujivuta. Kisha nikalowesha mikono kwenye pipa la mvua na kujaribu tena. Hazikuteleza. Nikaona niongeze jaribio la mwisho, nikapaka matope. Hazikuteleza!

Mama Veneranda alinikuta tayari njiani. Aliyatazama yale madoa meusi. Akapanda nyuma ya pikipiki, mwavuli mkononi, na dereva wake akaniachia nitangulie.

Sijui nieleze vipi ule mteremko. Ziwa lilikuwa halionekani kwa ukungu, halafu likaonekana lote mara moja. Mawe yalikuwa yale yale, mikunjo ile ile, meno yangu yaligongana kama kawaida. Nilikuwa nikiviita vidole vyangu kimoja kimoja, mpo? Na vilikuwa vinaitika. Nilipoikaribia kona ya korongo, nyuma nilisikia Mama Veneranda akianza "Salamu Maria" kwa sauti kubwa. Nikabana breki kwa vidole vyote vinne. Baiskeli ikatii. Ikapinda taratibu, ikapita kando ya mti uliopigwa radi, na mimi nilikuwa juu yake.

Nilicheka peke yangu hadi chini.

Kule mwaloni Mama Veneranda hakunifuata. Alisimama mbali kwenye mizani ya samaki, akajifanya anauliza bei ya sangara. Nilimpenda sana kwa hilo. Vijana wakaita, "Nshomile umerudi!" na mimi, sijui nini kilinipata, nikajibu, "Nimerudi, na ninyi mpo hapo hapo!" Wakacheka, na kicheko hicho hakikunichoma.

Dada wa Dagaa alikuwa anageuza dagaa wake kati ya jua na manyunyu. Amenenepa mashavu. Nilimpa alichokuwa anasubiri, akaingia nacho ndani, akatoka. Nikamweleza kuhusu Jumanne, kuhusu Deo na jinsi ilivyokuwa karibu, na utomvu wa ndizi ulivyonionyesha gripu za kuchagua. Sikuwa nimepanga kumweleza. Alisikiliza huku anafuta mikono kwenye kanga.

"Yaani ungeanguka tena, mimi ningeletewa yule redio?"

"Ndiyo, Dada."

"Na kilichoniokoa ni ndizi?"

"Ni ndizi, Dada."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kukohoa, akaendelea kucheka. Akasema nisogeze baiskeli. Akakaa juu yake, pale kwenye mchanga, mguu mmoja chini, akazishika zile gripu na kuziegemea.

"Zinashika," akasema. Halafu akasema, akiwa anaangalia mlima na si mimi, "Nikipata nguvu sawasawa, utanifundisha. Nitakuwa napanda mwenyewe Muleba kuchukua vitu vyangu. Mchana. Kila mtu ananiona."

Niliitikia kwa kichwa mara nyingi mno, kama mjusi.

Huko juu, baada ya kupanda, nikisukuma pale nisipoweza, Mama Veneranda alishuka kwenye pikipiki akanishika kidole kidogo cha kulia, akakifinya kwa kucha. Nikasema aaa! Akasema, "Vizuri. Njia ni yako," akafungua mwavuli wake.

Deo alikuwa kituoni pamoja na wenzetu. Akauliza ni gripu gani hizo mbaya hivyo zenye masikio. Na mimi, ambaye kwenye mikutano sijawahi kusema zaidi ya "nipo", nikawaeleza wote: msinunue kwa macho, shikeni kwa mikono mikavu, kisha shikeni kwa mikono iliyolowa, na kwanza kabisa jueni kiganja chenu kinabebea wapi. Deo akasema atawaambia watu. Sina shaka hata kidogo.

Nimeiegemeza baiskeli hapa nje ya dirisha, naiona nikiwa naandika. Kwenye gripu ya kushoto, juu ya doa langu jeusi, kumenata magamba madogo ya dagaa, yanang'aa kama yameshonwa. Ni mahali alipoweka mkono wake. Nilikuwa na kitambaa mkononi na sijayafuta.

Je, baiskeli hii inaweza kupandishwa kiti kimfae mtu mrefu kama yeye? Jumatatu nitamuuliza Mzee Ruge. Kesho baada ya misa nina beseni zima la kumenya, na chupa ya mafuta nimeshaiweka kando ya kisu.